Kuuziana kwa Faida Kati ya Wakusanyaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni wakusanyaji wachache wa hapa Dodoma. Wengi tunashika sarafu na noti za zamani, wawili watatu stempu, mmoja santuri, na yuko mama wa Chang'ombe mwenye kanga za kumbukumbu nyingi kuliko duka. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi: meza mbili za plastiki, chai, na maneno mengi. Daftari nashika mimi, kwa hiyo malalamiko nayo huishia kwangu. Haya ndiyo ninayoulizwa sana. Wenzangu hawakubaliani na kila jibu, na pale wanaponipinga nitasema.

Kwani kuuza kwa faida ni kosa?

Hapana. Mtu aliyepanda basi hadi Iramba, akalala gesti, akashinda juani akifunguliwa makopo na mabegi ya watu, akarudi na sarafu tatu, anastahili nauli yake na jasho lake. Bila watu wa namna hiyo, nusu ya tulivyonavyo vingeshageuka hereni. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha, nina maana ya madini yenyewe. Sonara haitazami sura ya Kaisari, anatazama mizani. Mchuuzi anayemwahi sonara ametusaidia sote, hata akitupiga bei.

Basi mnagombania nini?

Bei ya kikundi, yaani ile ya chini tunayouziana wenyewe kwa wenyewe. Karibu kila ugomvi ulioandikwa kwenye daftari langu unaanzia hapo.

Chukua heller 20 ya Tabora, sarafu ya chenji ya Mjerumani. Mwaka 1916, vita vikiendelea na manowari za Waingereza zikiwa zimeziba pwani, Wajerumani waliishiwa chenji wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Wakatumia shaba nyekundu na shaba ya njano, chochote kilichopatikana. Mihuri ilichongwa kwa haraka, ndiyo maana leo tunakaa na kioo cha kukuzia tukibishana mkia wa herufi umepinda au haukupinda. Mwenzetu mmoja alikuwa na aina ambayo kijana wa kikundi aliitafuta muda mrefu ili kukamilisha seti. Akampa kwa elfu ishirini. Alijua fika kwamba Dar es Salaam angepata zaidi ya mara tatu ya hapo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Alhamisi sarafu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, Dar, kwa elfu sabini.

Kijana alijitetea: nimenunua, nimelipa, ni mali yangu. Ukiangalia risiti, kweli. Lakini yule mwenzetu hakuwa mjinga wa bei. Ile elfu hamsini aliyoiacha hakumwachia kijana, aliiachia seti. Seti haikuwapo tena, na pesa ilikuwa imebaki mfukoni mwa mtu ambaye hakukusudiwa.

Mwenye sarafu hakudai chochote, wala hakupandisha sauti. Tangu siku ile anakuja mikono mitupu. Sanduku lake hatujaliona tena, na miezi miwili baadaye masanduku mengine mawili nayo yakaacha kuja. Hiyo ndiyo hasara ya kulangua ndani ya kikundi, na huwezi kuiandika kwa shilingi.

Hiyo bei ya kikundi ilipangwa na nani?

Haikupangwa na mtu yeyote. Ilikuwa mazoea, na mazoea kila mtu anayaelewa kwa upande unaomfaa. Siku hizi tunalisema waziwazi kabla pesa haijatoka: muuzaji atamke "bei ya kikundi" au "bei ya soko". Akisema bei ya soko, ukishalipa, kesho kiuze hata Arusha ukitaka, hakuna atakayekuuliza. Akisema bei ya kikundi, na wewe ukaja kutaka kukiuza, anayeulizwa kwanza ni yeye, kwa bei ileile aliyokupa. Akikataa, kamba imekatika, uko huru kuuza. Tunaandika mstari mmoja daftarini, majina mawili na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki ni vivyo hivyo.

Nilinunua kwa bei ya kikundi. Sasa ada ya mtoto imenibana. Niuze?

Uza, lakini mpigie mwenye kitu kwanza, na umwambie kwamba ni ada. Mara nyingi atakwambia uza unakoweza upate nyingi. Hakuna Mgogo, Mrangi wala Mnyaturu ninayemjua atakayekufunga miguu mtoto anarudishwa nyumbani. Kinachouma ni kuisikia habari kutoka kwa mtu mwingine.

Nimekaa nacho miaka sita. Bado nimefungwa?

Hapa tunatofautiana. Wenzangu wengi wanasema miaka mitatu inatosha, baada ya hapo ni chako kabisa. Mimi naona simu moja haigharimu kitu hata baada ya miaka kumi. Ila kura ilipigwa na nilishindwa, kwa hiyo jibu rasmi ni miaka mitatu.

Nilipewa bure.

Usiuze. Rudisha, au mpe mwingine bure.

Nimekwenda kijijini, mzee ana kopo la rupia na hajui thamani yake. Nimwambie?

Ndiyo. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika Kilimatinde, kule kwenye boma la Wajerumani. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja. "Mbukwenyi," nikaitikiwa, nikapewa kigoda, chai ikaletwa. Mzee akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani rupia 11. Babu yake alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli, akaziweka, na hakuna aliyejua pa kuzitumia baada ya Mwingereza kuleta shilingi yake mwaka 1921. Akaniuliza, "Wewe unazionaje, mwanangu?" Nikasema elfu tano moja. Akasema sawa. Thamani ya madini peke yake, ziyeyushwe bila kujali ni sarafu za nani, ilikuwa zaidi ya hapo. Nilihesabu pesa nikaondoka mbio, maana gari la mwisho la Manyoni lilikuwa karibu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Zilinisumbua. Baada ya mwaka na nusu nilirudi na bahasha ya kile nilichoona ni haki yake. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akacheka, akasema: "Nilijua. Uliacha chai nusu kikombe."

Sasa, wako wanaosema bei ni makubaliano ya watu wawili na mzee alikubali. Alikubali nini? Aliniuliza mimi ninazionaje. Hakuwa anapatana bei, alikuwa anaomba ushauri, tena kwa kuniita mwanaye. Nilijibu kama mnunuzi swali nililoulizwa kama mtoto.

Jambo hili si geni kwa dini zetu. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyokataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni. Na aliyeuziwa njiani, akifika sokoni akaona bei, ana hiari ya kuvunja mauzo. Msafara uliolakiwa njiani ndio mzee wa Kilimatinde. Nasi Wakristo tunasoma kwenye Walawi 25:14 kwamba katika kuuza na kununua tusipunjane. Tofauti ni kwamba ile hadithi inakwenda mbali zaidi: inampa aliyepunjwa njia ya kurudi. Kwetu tumeiga hapo. Ukinunua kijijini, acha namba yako ya simu, na kwa miezi mitatu mwenye mali akirudi na bei aliyoisikia kwingine, mnakaa upya.

Je, umwambie bei yote ya mwisho? Si lazima umtajie kila senti utakayopata Dar. Mwambie kitu ni nini, mwambie madini yake yana thamani gani leo, mwambie kwamba wewe unanunua ili uuze na utaweka cha juu. Akishajua hayo, kupatana kwenu ni kupatana.

Lakini ujuzi wangu si mtaji? Nimesoma miaka kumi, yeye hakusoma.

Ni mtaji. Suala ni unautumia dhidi ya nani.

Mei 1918 huko Washington, bwana William Robey aliingia posta na kununua shiti ya stempu 100 za senti 24, akalipa dola 24. Ndege kwenye stempu hizo ilikuwa imechapwa kichwa chini. Hakubahatisha: alijua kwamba stempu ya rangi mbili hupitishwa mtamboni mara mbili na karatasi huweza kugeuzwa, kwa hiyo alikwenda kuangalia. Ndani ya wiki moja aliiuza shiti ile kwa dola 15,000. Serikali iliwatuma wakaguzi wamwombe airudishe, akakataa. Mimi simlaumu hata kidogo. Aliyemuuzia ndiye aliyezichapa.

Sasa linganisha na stempu ya senti moja ya British Guiana, ile ya rangi ya zambarau iliyoiva. Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12 aliikuta kwenye karatasi za nyumbani kwao, akamuuzia mkusanyaji wa mtaani kwa shilingi sita. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa dola milioni 9 na nusu hivi. Je, mvulana aliibiwa? Wengi husema ndiyo haraka haraka. Mimi nasema hapana, kwa sababu mnunuzi mwenyewe hakujua kwamba ni ya pekee duniani. Alipouza mkusanyiko wake wote miaka mitano baadaye alipata pauni 120 tu. Wote wawili walikuwa gizani. Ukubwa wa faida peke yake haukuonyeshi dhuluma. Tazama nani alikuwa na taa na aliielekeza wapi.

Mbona mnaniita mlanguzi? Nimewahi tu.

Neno hilo ni zito, tusilirushe ovyo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 wanakumbuka msako wa Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, watu wakitupa usiku sabuni na vitenge walivyovificha. Mlanguzi wa wakati ule aliificha sukari ya mtoto. Aliyenunua stempu nyingi hajamnyima mtu uji.

Lakini kuna tabia inayofanana nayo. Mtu anakuja na boksi la stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja wetu anawahi saa moja asubuhi, anazoa boksi zima, na saa nne anatandaza zilezile kwenye meza yetu, mojamoja, kwa bei aliyozidisha mara nne. Hajaongeza kitu. Hakusafiri, hakusafisha, hakupanga, hakutambua. Amesimama tu mlangoni. Huko Marekani, Mei 2021, maduka ya Target yalifikia hatua ya kusimamisha kuuza madukani kadi za kukusanya, za Pokémon na za wanamichezo, kwa sababu ya usalama wa wateja na wafanyakazi. Wachuuzi walikuwa wanazizoa na watu wazima wakafikia kupigana. Sisi hatujapigana, ila vikombe vimewahi kugongwa mezani. Kanuni yetu: saa moja ya kwanza, kila mtu anachukua kimoja kimoja. Baada ya hapo, zoa.

Je, naweza kuwa winga wa kikundi, yaani dalali wake?

Ndiyo, na tunakuhitaji, mradi useme. Ukichukua sarafu kwa mali kauli ukaiuze Dar na kurudi na pesa, cha juu ni chako kama mwenye mali alitaja bei yake mwenyewe. Kama alikwambia "uza utakavyoona, tutagawana", basi taja bei ya kweli uliyouzia. Winga anayesema kauza elfu arobaini huku mnunuzi akijisifu kila mahali kwamba kalipa laki, aibu yake haichukui hata wiki. Mji huu bado ni mdogo, hata baada ya kuwa jiji mwaka 2018.

Nimesikia rupia ya Mjerumani ina zebaki na inavuta mchele. Kweli?

Si kweli. Fedha haivuti mchele, haivuti sindano, haivuti kitu chochote isipokuwa matapeli. Anayekwambia ulete milioni mbili za "kupimia" anataka milioni mbili. Na ukijua kwamba ni uongo, halafu ukamuuzia mtu rupia ya kawaida kwa bei ya hiyo imani yake, usije mezani kwetu.

Shilingi ya Nyerere ya 1966, yenye mwenge, ni bei gani?

Ndogo. Ziko nyingi mno, pamoja na ile ya senti 50 yenye sungura na ya senti 20 yenye mbuni. Ukimkuta mtu anaziuza kwa mamilioni, hajauza bado.

Na rupia 15 za dhahabu?

Hizo ndizo zenye tembo, za Tabora, 1916, dhahabu yake kutoka Sekenke, hapo Iramba kwa jirani zetu. Ziligongwa 16,198 tu. Kwa hiyo ukiletewa moja na mgeni kwenye stendi ya basi, kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini umebahatika wewe. Za bandia ni nyingi. Mkusanyaji aliyeuziwa bandia halafu akaipitisha kwa mwenzake "ili arudishe hela yake" amefanya jambo baya kuliko mengine yote yaliyoandikwa hapa. Meza hasara, au rudi kwa aliyekuuzia.

Nizisafishe kwanza?

Usizisafishe. Majivu na ndimu vinaondoa ngozi ya sarafu pamoja na nusu ya bei yake. Kama ilishasuguliwa kabla hujaipata, mwambie mnunuzi.

Kuna vitu ambavyo haviuzwi kabisa?

Vipo, na hapa hatupigi kura. Vipande vya mawe yenye michoro kutoka Kolo na kwingineko Kondoa, eneo lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006: usiguse, usinunue, na anayekuletea mwambie hivyo hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na huviuzi wala kuvitoa nchini bila kibali. Bangili za pembe za ndovu alizoacha bibi nazo ni kesi. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haiulizi kama ni urithi, inauliza kibali kiko wapi. Ukikutana na kitu cha tambiko, kigoda cha mtemi au ngoma ya ukoo, na muuzaji ni kijana mmoja asiye na mzee nyuma yake, jua kwamba mwenye mali hayupo kwenye hayo mazungumzo.

Kuwauzia wageni wa nje ni usaliti?

Mwenye santuri wetu anaona ni usaliti. Anasema bendi zetu za dansi zilirekodi sana kwenye kanda za redio, na zile chache zilizotoka kwenye santuri zikiondoka, wajukuu watazisikiliza kwa kuomba. Ninamwelewa. Lakini nimeona pia santuri zikifunikia mitungi ya maji hapa hapa nchini. Nisemalo mimi: kabla ya kuuza nje, tandaza mezani kwetu Jumamosi moja, kwa bei ileile ya huko nje. Pasipo mnunuzi, iende. Yeye anasema Jumamosi tatu. Bado tunabishana.

Mwenzetu amefariki, mjane anataka kuuza. Tufanyeje?

Hili ndilo swali ninaloliogopa, kwa sababu msibani nimeshawahi kumsikia mtu akiuliza albamu ziko chumba gani.

Kwanza, hakuna anayegusa neno kabla ya arobaini. Pili, anayepima thamani hanunui. Tunateua wawili, kila mmoja anapima peke yake na kuandika bei kitu kwa kitu, kisha shemeji anapewa karatasi zote mbili, na mwanaye au kaka yake akiwepo. Hao wawili hawaruhusiwi kununua hata kipande, hata baadaye, hata kwa kupitia mtu. Tatu, bei ya kikundi haihusiki hapa. Marehemu ndiye aliyekuwa na haki ya kutupunguzia, naye hayupo. Vitu vya shemeji vinauzwa kwa bei ya soko, na kama lile soko liko Dar, mmoja wetu ampeleke.

Kuna aliyenung'unika kwamba kwa njia hii vitu vizuri vinatoka Dodoma. Vitoke.

Mara ya mwisho tulipofanya hivyo ilituchukua wiki sita. Shemeji alisoma karatasi zote mbili polepole, akauza noti, akauza rupia, akauza stempu zote. Alitoa kitu kimoja kwenye boksi, senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, akatuambia mtoto wao wa kwanza aliwahi kuivaa kwa uzi kiunoni. Sote wawili tulikuwa tumeiandikia shilingi mia tano.